Weupe katika Choo cha Kobe: Kusoma Dalili na Kutafuta Sababu katika Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji anayeona kobe wake ameacha tope jeupe sakafuni kwa mara ya kwanza hudhani ama mnyama ana minyoo, ama amelamba chokaa ya ukutani. Mara nyingi dhana zote mbili si sahihi, lakini ile ya kwanza ndiyo yenye madhara, kwa sababu humpeleka mtu moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo, na huko dawa ya minyoo iliyozoeleka kwa ng'ombe na mbuzi ni ivamektini, ambayo kwa kobe na kasa ni sumu. Naandika haya nikiwa Uyole, jijini Mbeya, ambako nilimshuhudia kobe wa jirani, mnyama aliyekuwa akila na kutembea vizuri, akilegea shingo na miguu baada ya kudungwa sindano hiyo, na siku ya tatu akafa. Weupe uliomtia mwenye kobe hofu ulikuwa mkojo wa kawaida kabisa. Tangu hapo nimeona ni wajibu wangu kumweleza kila anayeniuliza jinsi ya kutofautisha weupe wa afya na weupe wa ugonjwa, na hatua za kuchukua katika kila hali kabla ya mtu yeyote kushika sindano.

Weupe huo ni nini

Aliyewahi kufuga kuku anakijua kitu hiki, hata kama hakuwahi kukipa jina. Ile ncha nyeupe juu ya kinyesi cha kuku, na lile doa jeupe kwenye kinyesi cha mjusi ukutani, ni kitu kilekile kinachotoka kwa kobe: ni yureti, yaani chumvi za asidi ya yuriki. Mwili wa mnyama yeyote unapovunja protini hubakiwa na naitrojeni ambayo ni lazima itolewe nje. Binadamu na ng'ombe huitoa ikiwa urea iliyoyeyuka katika maji mengi. Kobe wa nchi kavu hana maji ya kutumia kwa wingi namna hiyo, kwa hiyo figo zake hutengeneza asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, na uchafu wake hutoka ukiwa uji mzito, pengine pamoja na maji maji kidogo yaliyo angavu.

Uchafu huo hupitia kloaka, tundu moja lililo chini ya mkia ambalo hutumika kwa kinyesi, mkojo na mayai pia, na kabla ya kutoka huweza kukaa muda mrefu kwenye kibofu. Kibofu cha kobe ni tangi la akiba. Maji yanapoadimika, mwili huyafyonza tena kupitia ukuta wa kibofu, na yureti hubaki nyuma ikizidi kuwa nzito siku hadi siku. Kobe wa majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani huvuka miezi mingi ya ukame kwa akiba hiyo. Ndiyo maana ulaini wa yureti hukueleza kiasi cha maji kilichobaki mwilini, tena mapema zaidi kuliko macho yaliyodidimia au ngozi iliyosinyaa shingoni, ambazo ni dalili zinazojitokeza wakati mnyama amekwisha kuumia.

Kwa nini kwetu matatizo huanza mwezi wa sita

Kobe wengi wanaofugwa majumbani katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe ni wale wenye gamba la rangi ya mchanga lililojaa madoa meusi kama ya chui. Makao yao ya asili ni nyika kavu zenye joto, kama zile za Usangu na Pawaga, wala si Mbeya mjini palipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Njombe inayokaribia mita 2,000. Kobe hawa ni wanyamapori kisheria, na anayemfuga anapaswa kuwa na kibali kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye nacho aanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake, na wala asimwokote kobe mwingine njiani.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo kiangazi na kipupwe huingia kwa pamoja, na hilo ndilo jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto haiwezi kutusaidia nalo. Kobe aliye nyikani akiwa na kiu anao angalau joto la kumwezesha kutembea akatafute maji. Kobe wa Uyole mwezi Julai, wakati joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, amewekewa beseni la maji mbele yake lakini mwili wake ni baridi kama sakafu, na hivyo hanywi. Mnyama huyu hajitengenezei joto mwenyewe kama sisi. Utumbo wake, figo zake na hata hamu yake ya kunywa hufuata joto la mahali alipo. Mfugaji anayeongeza maji bila kuongeza joto anatibu nusu ya tatizo, na kwa maoni yangu hiyo ni ile nusu ndogo. Maelezo yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hili, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikilirudia.

Namna ya kukagua

Yureti ikaguliwe ikiwa mbichi. Yureti yoyote, hata ya kobe mwenye afya bora, ikipigwa na jua kwa saa mbili hukauka na kuwa kama chaki, na wengi wameshtuka bure kwa kuokota jioni kilichotoka asubuhi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, chukua kidogo, kisha kisage taratibu kati ya vidole viwili. Kikiwa laini kama dawa ya meno au kama uji wa ulezi uliopoa, hali ni njema. Kikiwa na punje kama za sukari au mchanga, kuna upungufu wa maji. Kikiwa kipande kigumu kisichosagika, shughuli yako ni kubwa zaidi, na nitaieleza chini.

Kutofautisha yureti na minyoo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gusa weupe huo kwa kijiti: yureti hutawanyika na kupoteza umbo, lakini mnyoo hubaki mzima, una ncha mbili, na ukiwa hai hujipinda.

Mpime kobe uzito mara moja kwa wiki, siku ileile na kabla ya kumwogesha, kwa mizani ya jikoni ikiwa ni mdogo au mizani ya sokoni ikiwa ni mkubwa, na uandike kwenye daftari uzito huo pamoja na rangi na ulaini wa yureti. Usishangae yureti isipoonekana kila siku, kwa kuwa kobe mzima anaweza kukaa siku nyingi bila kuitoa, na anayeogeshwa mara kwa mara huiachia ndani ya maji, ambako huonekana kama wingu jeupe tu ambalo mtu humwaga bila kuliona.

Dalili: yureti ina chembechembe au ni kavu kama chokaa

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara ni kati ya Juni na Septemba. Sababu zake ni nne, nazo mara nyingi hukutana kwa mnyama mmoja.

Ya kwanza ni baridi, kwa namna niliyoeleza. Pima kwa kipimajoto, usikisie, mahali pale hasa anapolala kobe, saa kumi na mbili asubuhi. Ukikuta chini ya nyuzi 15, umepata chanzo. Kobe wa aina hii huhitaji mahali pa kuota joto penye nyuzi 28 hadi 32 mchana, na usiku asilale kwenye saruji tupu. Sanduku la mbao lililowekwa ndani ya nyumba, likiwa limejazwa nyasi kavu kwa kina cha kutosha kumfunika hadi mgongoni, husaidia sana hata bila umeme. Wenye uwezo huongeza balbu ya kulelea vifaranga, na hiyo ining'inizwe mbali na gamba, kiasi cha nusu mita, ikiwa na wavu wa kuikinga. Balbu za kubana matumizi ya umeme hazitoi joto la maana. Umeme ukikatika, chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitenge zitavusha usiku. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake inaua kobe na inaua watu.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Beseni lenye kingo ndefu halimfai kobe. Anahitaji sahani pana isiyo na kina, ambayo anaweza kuingia na kuinamisha kichwa, na maji yake yabadilishwe kila siku kwa kuwa mara nyingi atajisaidia humohumo. Zaidi ya hapo, katika kiangazi mwogeshe. Maji yawe vuguvugu, karibu nyuzi 30, kiasi kwamba ukichovya kiwiko hayakuunguzi wala hayakushtui kwa baridi, na kina chake kifike chini ya kidevu chake akiwa amesimama. Mwache humo dakika 20 hadi 30, ukiongeza maji ya vuguvugu yanapopoa. Kobe mwenye yureti ya chembechembe aogeshwe kila siku. Aliye mzima mara mbili kwa wiki zinatosha, na watoto wa kobe wanahitaji kila siku hata wakiwa wazima. Saa ya kufanya hivyo ni muhimu kwetu: iwe kati ya saa nne na saa sita mchana, ili jua limkaushe na kumpasha kabla ya upepo wa jioni. Kumwogesha kobe saa kumi na moja jioni mjini Mbeya mwezi Julai ni kumtafutia ugonjwa wa mapafu.

Sababu ya tatu ni chakula. Protini ikizidi, asidi ya yuriki huzidi nayo. Chanzo cha kawaida cha protini hiyo katika nyumba zetu ni chakula cha kuku. Kobe akifugwa uani pamoja na kuku hujifunza haraka mahali mchanganyiko wao unapomwagwa, na chakula cha kuku wa mayai kina protini karibu asilimia 16, kiasi ambacho figo za mnyama wa kula nyasi hazikuumbiwa. Wengine humpa dagaa, mabaki ya maharage, au chakula cha mbwa kwa nia njema ya kumnenepesha. Vyote viondolewe, na kuku wajengewe uzio. Kobe huyu apewe ukoka, mchunga, majani ya kishona nguo na mpungate, ambao Iringa unaota kila mahali na una maji mengi ndani yake. Uukwangue miiba au uipitishe motoni kwanza. Kwa kuwa ukoka wa Julai ni mkavu, uchovye kwenye maji kabla ya kumpa. Mchicha na spinachi visiwe chakula chake cha kila siku, kwa kuwa vina oksaleti nyingi inayoshika kalsiamu ili mwili usiipate. Kalsiamu itokane na maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa. Chokaa ya kupaka ukutani huunguza mdomo na haifai hata kidogo. Parachichi, pamoja na wingi wake Rungwe na Njombe, lisipewe kobe, si tunda wala jani.

Sababu ya nne haifikiriwi na wengi, nayo ni kumbeba. Kobe akiinuliwa ghafla humwaga kibofu kwa kujihami, na kila akifanya hivyo katika kiangazi anapoteza akiba aliyoikusanya kwa wiki kadhaa. Nyumba yenye watoto wanaomwinua kobe kila wanaporudi kutoka shuleni itakuwa na kobe mwenye yureti kavu hata kama mengine yote yanafanyika vizuri. Watoto wafundishwe kumtazama na kumlisha akiwa chini.

Dalili: anajikamua, anaburuta miguu ya nyuma, au hatoi chochote

Yureti iliyokaa kibofuni kwa muda mrefu huweza kushikana tabaka juu ya tabaka hadi ikawa jiwe, na nimesikia wafugaji wakidhani kobe wao ni mzito kwa sababu ya kunenepa, kumbe ana jiwe. Mnyama mwenye jiwe hujikamua bila kutoa kitu, au hutoa matone yenye damu. Hupoteza hamu ya kula. Na pengine huburuta mguu mmoja au yote miwili ya nyuma, kwa kuwa jiwe hubana mishipa ya fahamu nyongani. Daktari mzoefu huweza kuligusa kwa kidole katika nafasi laini iliyo mbele ya paja, lakini uhakika hutoka kwenye picha ya eksirei. Jiwe kubwa haliyeyuki kwa kuogeshwa, hutolewa kwa upasuaji, na usimpe mtu yeyote ruhusa ya kulivuta kwa koleo au waya.

Kobe jike anayejikamua huenda pia ana mayai yaliyokwama. Tofauti inayosaidia nyumbani ni kwamba mwenye mayai kwa kawaida huhangaika kwanza, akizunguka na kuchimba vishimo kwa miguu ya nyuma kwa siku kadhaa, kisha huacha na kuzubaa. Mpe mahali penye udongo laini wenye unyevu na jua la kutosha, na asipotaga huku akiendelea kukosa nguvu, picha ileile ya eksirei itaonyesha.

Kobe asiyetoa yureti kwa wiki mbili au tatu lakini anakula, anatembea na hapotezi uzito, si lazima awe na tatizo. Chunguza maji ya kuogea kwanza. Asiyetoa, asiyekula na anayepungua uzito ni mgonjwa. Nikiona sehemu moja ya kumi ya uzito imepotea ndani ya mwezi mmoja, huwa sisubiri dalili nyingine.

Viungo vya miguu vikivimba huku yureti ikiwa ngumu, fikiria gauti, ambayo Kiswahili huita jongo: asidi ya yuriki imepanda katika damu na kuganda kwenye maungio. Hapo figo zimekwisha kuathirika, kazi ni ya daktari, na dawa zake hutumika muda mrefu.

Dalili: yureti imebadilika rangi

Weupe wa maziwa na weupe wa krimu ni sawa. Manjano hafifu ya siku moja mbili huonekana kwa kobe aliyekunywa maji machache, na huondoka akiogeshwa.

Kijani kinahitaji kuangaliwa kwa makini. Ikiwa weupe umechafuliwa kijani upande wa nje tu, pale ulipogusana na kinyesi cha majani, haina shida. Ukiupasua kwa kijiti ukakuta kijani kimeenea hadi ndani, hiyo ni rangi ya nyongo. Nyongo ya kobe ni ya kijani hasa, tofauti na ya kwetu inayoelekea njano, na kwa hiyo ugonjwa wa ini kwa mnyama huyu hujionyesha kwa yureti ya kijani, au njano iliyokolea, wala si kwa macho ya njano kama kwa binadamu. Kobe aliyekaa bila kula kwa majuma mengi katika kipupwe hufikia hapo, kwa sababu ini lake hulemewa na mafuta yanayovunjwa ili kumlisha. Mpashe joto kwanza, mwogeshe, kisha ndipo umpe majani laini. Kumlazimisha kula akiwa bado wa baridi husababisha chakula kuoza tumboni. Asipoanza kula ndani ya siku tano au sita akiwa na joto la kutosha, mpeleke kwa daktari.

Rangi ya waridi au nyekundu huwatia watu hofu kubwa kuliko zote, na mara nyingi ni tunda la mpungate, maua mekundu ya uani, au bitiruti. Viondoe vyakula hivyo na usubiri siku kumi, si mbili, kwa kuwa chakula hupita polepole sana katika utumbo wa kobe. Rangi ya chakula husambaa sawasawa. Damu huja kwa michirizi au mabonge, hugeuka kahawia, na huandamana na kujikamua. Damu haisubiriwi siku kumi.

Dalili: kinyesi chenyewe hakiko sawa

Kinyesi cha kobe mwenye afya ni kirefu, kizito, cha kijani kilichokolea au kahawia, chenye nyuzi za majani zinazoonekana, na harufu yake ni ya nyasi tu. Kikilegea na kunuka uchachu, tazama sahani yake: ndizi, papai, nyanya na tikiti maji ndivyo vyanzo vya kwanza, kwa sababu sukari ya matunda huvuruga vijidudu vya utumboni vinavyomsaidia kusaga nyasi. Rudisha nyasi tupu kwa wiki mbili. Kisipobadilika, peleka sampuli ipimwe.

Kinyesi chenye vipande vya majani vilivyotoka karibu kama vilivyoingia kwa kawaida kinatokana na baridi. Kikavu mno, chenye vipande vidogo kama vya mbuzi, kinatokana na upungufu wa maji, na matibabu yake ni yaleyale ya yureti yenye chembechembe. Mchanga mwingi ndani ya kinyesi huonyesha kobe anayekula udongo, jambo ambalo mara nyingi ni njaa ya kalsiamu.

Kuhusu minyoo, kobe wengi wanayo kidogo na haiwadhuru. Sipendi desturi ya kumpa kobe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu kama inavyofanywa kwa mbuzi. Dawa itolewe baada ya kipimo kuonyesha wingi wa mayai ya minyoo, na ile inayotumiwa zaidi na madaktari kwa kobe ni fenibendazo, kwa kiwango kinachokokotolewa kulingana na uzito. Ivamektini isitumike kwa njia yoyote, iwe ya sindano, ya kunywesha au ya kumimina mgongoni. Jambo kama hilo nalisema pia kuhusu sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, ambazo huumiza figo, hasa za kobe aliyekaukiwa maji: zisitolewe bila daktari aliyemchunguza mnyama na kurudisha maji mwilini mwake kwanza.

Dalili: kitu kimetoka chini ya mkia

Kobe dume akiwa katika maji ya vuguvugu huweza kutoa kiungo kikubwa, cheusi au zambarau, chenye ncha iliyopanuka, na wengi wamekimbia kuomba msaada wakidhani utumbo umetoka. Hicho ni kiungo chake cha uzazi. Mwache, punguza kelele, na kitarudi chenyewe ndani ya dakika chache.

Kisiporudi ndani ya saa moja, au ikiwa kilichotoka ni nyama ya waridi au nyekundu kutoka kwa kobe wa jinsia yoyote, hiyo ni dharura. Usiisukume kwa vidole. Ioshe kwa maji safi, iweke unyevu kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji yenye sukari nyingi, ambayo husaidia kupunguza uvimbe, mweke kobe peke yake ndani ya boksi lisilo na mchanga, na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Tishu ikikauka hufa, na kobe mwenzake akiona rangi nyekundu huiuma.

Sampuli na daktari

Chukua kinyesi kibichi pamoja na yureti, kiasi cha kijiko cha chai, weka ndani ya kichupa safi chenye kifuniko, kiweke mahali pa baridi bila kukigandisha, na kifike maabara ndani ya siku moja. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa, na daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kukuelekeza namna ya kupeleka sampuli huko. Kwa upasuaji na eksirei, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiyo ninayoishauri, ingawa safari kutoka Mbeya ni ndefu. Kobe asafirishwe mchana, ndani ya boksi lenye nyasi kavu, na asilishwe njiani. Nenda na daftari lako. Daktari ambaye hakuwahi kumtibu kobe atafaidika zaidi na uzito wa wiki nane kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Beseni la kumwogeshea kobe lisioshewe jikoni wala kutumiwa humo, na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi.

Kobe aliyeanzishiwa joto, maji na majani hatatoa yureti laini siku ya pili. Siku chache za mwanzo huenda zikatoka chembe nyingi kuliko awali, kwa sababu kibofu kinajisafisha, na mfugaji asiyelijua hilo huacha kumwogesha akidhani maji ndiyo yanayomzidishia ugonjwa. Endelea kila siku hadi yureti itoke laini mara tatu mfululizo, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu, kisha punguza hadi mara mbili kwa wiki, na usiache kabisa mpaka mvua zirudi, ukoka uchipue, na kobe aanze kunywa mwenyewe kwenye vidimbwi vya uani.